Chungu cha Jumapili: Mwongozo wa Wiki ya Mapishi kwa Mzazi Mwenye Shughuli Nyingi

Kuanzia Oktoba hadi Desemba, nyumba nyingi za Masasi na Newala huwa na chakula lakini hazina mtu wa kukipika. Mbaazi zimo guniani, makopa yamo ghalani, mpapai wa nyuma ya nyumba umezaa. Wakubwa wametoka alfajiri kwenda kuokota korosho zilizodondoka usiku. Wasio na mikorosho wako dukani, shuleni, kwenye zamu ya hospitali, au kwenye foleni ya kupima mzigo katika ghala la chama cha ushirika (AMCOS). Wakirudi saa kumi na mbili jioni wanakuta watoto wamejipanga barazani na swali moja tu: "Leo tunakula nini?" Na mboga iliyopo ni mbaazi kavu, ambazo bado zinataka saa mbili za moto. Hapo ndipo hela ya madaftari inapogeuka chipsi.

Mwongozo huu ni wa mzazi huyo, awe mama au baba. Orodha za vyakula bora tunazo tele, zimebandikwa hadi ukutani zahanati. Kinachokosekana ni mpango wa moto. Vyakula vinavyochelewa kuiva vipikwe siku mbili tu za wiki, Jumapili na Jumatano. Jioni nyingine zote, pasiwe na sufuria inayokaa jikoni zaidi ya dakika arobaini hivi. Ukilishika hilo, mengine yatajipanga yenyewe.

Kwanza moto na maji, halafu chakula

Mbaazi, njugu mawe na maharage makavu ndiyo nguvu ya mwili huku kwetu, na ndiyo yanayomaliza mkaa. Anayeyapika kila jioni anawasha moto mrefu kila jioni. Anayeyapika mara mbili kwa wiki anawasha moto mrefu mara mbili. Hesabu hiyo inamhusu hata mwenye mtungi wa gesi. Mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na mitungi ya kilo 6 imeanza kuonekana hadi vijijini. Lakini mtungi wa kilo 6 ukichemshia mbaazi ambazo hazikulowekwa, hautaumaliza mwezi. Gesi iwekee vyakula vya haraka: chai, mayai, mchicha, dagaa.

Maji nayo yana hesabu yake. Newala imekaa juu ya uwanda wa Makonde, penye udongo wa mchanga unaomeza mvua papo hapo, na chemchemi ziko chini mabondeni. Maji ya bomba hupandishwa kwa pampu, na familia nyingi zimejenga visima vya kuhifadhi maji ya mvua yanayotoka kwenye bati. Masasi mjini kuna nafuu, kwa kuwa mamlaka ya maji, MANAWASA, huleta maji kutoka chanzo cha Mbwinji, ingawa bomba halifiki kila mtaa. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashika, kisima cha nyumbani huwa kimebaki na maji ya chini kabisa. Kwa hiyo panga kuloweka na kuosha kwa siku moja, usitawanye wiki nzima.

| NDOO MOJA, KAZI TATU |
|---|
| Maji ya kwanza ya kuoshea mbaazi au mchele: weka kando, yatasugulia masufuria yenye masizi. |
| Maji ya kulowekea mbaazi na kunde: mwagilia mchicha, matembele au mpapai. Usiyapikie. |
| Maji ya kuoshea mboga za majani: nayo yaende bustanini. |
| Maji yaliyogusa nyama mbichi, kuku au samaki: mwaga mbali, yasirudi kwenye chombo chochote. |

Jumapili: chungu kikubwa

Siku hii ndiyo inayobeba wiki, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kiasi cha kufuata ni kilo 1 ya mbaazi kavu kwa familia ya watu sita. Inatosha milo miwili ikiliwa na ugali au wali, na tone litabaki kwa anayechelewa kurudi.

1. Chambua mbaazi kwenye ungo Jumamosi jioni. Toa mawe, zilizobunguliwa na zilizokunjamana. Kazi hii mpe mtoto mwenye macho makali na umwambie kila jiwe atakaloliona amemwokolea bibi jino. Utashangaa bidii yake.
2. Osha, kisha loweka usiku kucha katika maji yanayozizidi mara tatu. Mbaazi hunywa maji na kuvimba. Chombo kidogo kitakuonyesha hilo asubuhi.
3. Mwaga maji ya kulowekea. Weka maji mapya, funika, chemsha kwa moto mkali hadi zitokote, kisha punguza.
4. Usitie chumvi, nyanya, ndimu wala ukwaju mapema. Vitu vichachu hukaza ganda la mbaazi, na utakaa ukichochea mkaa bila kujua kinachozizuia kuiva.
5. Mbaazi ikibonyezeka kati ya vidole viwili bila kubaki na kiini kigumu, imeiva. Sasa tia chumvi.
6. Gawa chungu mara mbili. Nusu iunge kwa kitunguu, nyanya na tui la nazi kwa chakula cha usiku. Nusu ya pili iache nyeupe, haijaungwa, na mchuzi wake.

Hatua ya sita ndiyo siri ya wiki nzima. Tui la nazi huchacha upesi, hasa kwenye joto la Novemba. Mbaazi nyeupe zinavumilia zaidi, na kesho unaweza kuziunga kwa namna nyingine ili watoto wasiseme wanakula kiporo.

Mwenye friji aziache zipoe kidogo, aziingize kabla saa mbili hazijapita tangu zitoke motoni, na azile ndani ya siku tatu. Asiye na friji afanye hivi: azichemshe tena hadi zitokote kabla ya kulala, afunike na asifunue wala kuchota. Alfajiri azichemshe tena, na azimalize siku hiyo hiyo ya Jumatatu. Zikitoa povu, harufu ya uchachu au utelezi, zimwagwe. Mbaazi za kumwaga zina gharama ndogo kuliko mtoto kuharisha katikati ya msimu.

Magadi je? Wengi huweka kipande cha magadi ili mbaazi ziive upesi. Zinaiva kweli, lakini magadi huharibu baadhi ya vitamini na kuacha ladha ya sabuni yakizidi. Mbaazi zilizolowekwa usiku kucha haziyahitaji. Yabakishe kwa mbaazi kuukuu za miaka iliyopita, nazo zitie punje tu.

Jumatatu: ugali wa muhogo, na kazi moja usiyoiruka

Jioni ya Jumatatu kazi ni ndogo. Mbaazi zimeshaiva, unaziunga kwa kitunguu na karanga zilizotwangwa, unasonga ugali, mnakula. Lakini kama ugali wenu ni wa muhogo, kuna kazi ya mchana ambayo lazima ifanyike, na ninakuomba uisome taratibu.

Muhogo mchungu una kemikali inayozaa sumu ya sianidi. Kumenya na kuanika juani peke yake, tunavyofanya kwenye makopa, kunapunguza sumu hiyo lakini hakuimalizi. Katika miaka ya ukame au ya njaa, watu wakila muhogo mchungu siku nyingi mfululizo bila mboga yenye protini, watoto na wanawake wanaweza kupata konzo: miguu inakaza ghafla, na ulemavu huo hauponi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo ilitokea kusini mwa Tanzania, Mtwara ikiwamo.

Watu wengi wanaamini kusonga ugali kwa muda mrefu kunaua sumu. Sivyo. Ndani ya unga wenyewe kuna kimeng'enya kinachoivunja ile kemikali na kuitoa kama hewa, na kimeng'enya hicho hufa kwenye maji ya moto. Unga ukishaingia sufuriani, kazi ya kuondoa sumu imesimama. Kwa hiyo unga uloweshwe kabla, kwa maji baridi. Njia hii iliandaliwa na mtafiti Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na imetumika vijijini Tanzania, Msumbiji na Kongo. Haihitaji kununua kitu.

1. Weka unga mkavu kwenye beseni, usawazishe juu, kisha weka alama kwa ndani pale unga ulipofikia.
2. Tia maji baridi kidogo kidogo huku ukichanganya. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha.
3. Tandaza unga huo mbichi juu ya mkeka safi au turubai, unene usizidi sentimita 1.
4. Uache juani saa 2, au kivulini saa 5. Hewa ya sumu inapanda yenyewe.
5. Songa ugali siku hiyo hiyo. Unga uliolowa hauwekwi hadi kesho, utavunda.

Anayeshinda shamba atauliza nani atakaa na mkeka. Jibu ni bibi, au mtoto anayerudi shule mchana, akiwa na fimbo ya kufukuzia kuku. Kuku wa Kimakonde anaujua muda ambao mwangalizi amesinzia. Mkeka uwe juu ya kichanja au uzungushiwe wavu.

Na mbaazi zilizo pembeni ya ugali huo si pambo. Mwili hutumia protini kuivunja sianidi kidogo inayobaki. Ndiyo maana ugali wa muhogo na mboga ya kunde, mbaazi au dagaa ni mlo kamili, lakini ugali wa muhogo na chumvi tupu kwa wiki kadhaa ni hatari.

Jumanne: jioni ya haraka

Leo hakuna chungu kirefu. Chagua kimoja:

* Dagaa wa Ziwa Nyasa, wanaoletwa hadi masoko ya Masasi kwa barabara ya Songea na Tunduru. Waoshe kwa maji ya vuguvugu mara mbili kutoa mchanga, wakaange na kitunguu na nyanya. Dakika kumi na tano.
* Choroko. Hazina ukaidi wa mbaazi; hata zisipolowekwa zinaiva upesi.
* Mayai ya kuvuruga na mchicha, kwa siku ambayo umechoka kabisa.

Kama unaunga kwa karanga, zichambue kabla ya kutwanga. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zinaweza kuwa na sumukuvu. Sumu hiyo haifi kwa kukaanga wala kuchemsha, na haitambuliki kwa ladha. Mwaka 2016 ilisababisha vifo Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Mbovu zote zitupwe, na usimpe kuku.

Jumanne pia ndiyo siku ambayo mtoto atauliza kama mbaazi zimekwisha, kwa sauti ya mtu anayeomba jibu liwe ndiyo. Mjibu kwa upole kwamba zinarudi kesho.

Jumatano: chungu cha pili, ndani ya kapu

Chungu cha pili nacho ni kilo 1. Zinaweza kuwa mbaazi, kunde au njugu mawe. Njugu mawe zina ganda gumu na zinahitaji kulowekwa usiku mzima bila mjadala. Zikiiva, mchuzi wake mzito unatosha kuwa kitoweo hata bila nazi.

Jumatano si Jumapili, huna mchana wa kukaa jikoni. Tumia kapu la kuhifadhi joto. Chungu kilichotokota kikifungwa vizuri, joto lililomo linaendelea kupika bila mkaa.

1. Tafuta kapu kubwa la ukindu au boksi imara. Lijaze kwa blanketi kuukuu, nguo chakavu safi au majani makavu, ukiacha shimo la chungu katikati.
2. Shona mto mnene wa kufunikia juu.
3. Alfajiri, chemsha mbaazi zilizolowekwa kwa moto mkali dakika 20 hadi 30, zikitokota. Maharage mekundu lazima yatokote kweli kwa dakika zisizopungua 10, kwa sababu yakiiva kwa joto dogo tu yanabaki na sumu inayoumiza tumbo.
4. Funika, hamisha haraka ndani ya kapu, weka mto, na liweke mahali ambapo mbuzi hafiki.
5. Mtu wa kwanza kurudi, hata kama ni saa nane mchana, akirudishe chungu motoni hadi kitokote tena kabla ya kuliwa. Kisiachwe ndani ya kapu hadi usiku.

Hatari ya mkaa: msimu wa mvua, watu huingiza jiko ndani. Usilale wala usiwaache watoto katika chumba kilichofungwa chenye jiko la mkaa, hata kama moto umefifia. Hewa yake haina harufu, na inaua.

Alhamisi: kisamvu na korosho

Wilaya zetu zinauza korosho hadi India na Vietnam, halafu mtoto wa mkulima anaijua korosho kama kitu cha kupeleka mnadani. Naliona hilo ni kosa la kurekebisha jikoni. Korosho ndani ya mboga ya majani inafanya kazi ya nazi, na huku uwandani, mbali na minazi ya pwani, nazi hununuliwa wakati korosho ziko mlangoni.

1. Chukua kikombe 1 cha korosho zilizobanguliwa, ambazo hazijakaangwa. Vipande vilivyovunjika ni bei nafuu na vinafaa sawasawa.
2. Loweka saa 1 kwenye maji ya vuguvugu. Twanga kwenye kinu hadi ziwe laini, ukiongeza maji kidogo kidogo hadi upate uji mwepesi mweupe.
3. Kisamvu kitwangwe vizuri, kisha kichemshwe bila kufunikwa kwa robo saa ya kwanza. Majani ya muhogo yana sianidi pia, na mvuke ndio unaoitoa. Endelea kukipika hadi kilainike kabisa. Anayekosa muda anunue sokoni kilichotwangwa tayari na akichemshe saa ya kuamkia.
4. Kisamvu kikishaiva, mimina uji wa korosho, punguza moto, koroga bila kuacha dakika 10. Korosho hushika chini upesi.
5. Chumvi mwisho. Pilipili kando, kwa wakubwa.

Matembele, majani ya kunde na majani ya maboga yanakubali mapishi haya haya, na yanaiva mapema zaidi.

Tahadhari ya ganda: korosho yenye ganda lake mbichi ina mafuta yanayounguza ngozi na midomo. Mtoto asiipasue kwa meno. Ukichoma nyumbani, choma nje, kaa upande unaotoka upepo, waondoe watoto kwenye moshi, na paka mikono majivu au mafuta ya kula kabla ya kubangua. Mtu anayevimba midomo au kubanwa kifua baada ya kula korosho asionjeshwe tena, hata kwa mchuzi.

Ijumaa: wali

Ijumaa nyumba nyingi hupika wali, na sioni sababu ya kubadilisha. Wali na samaki wa pwani aliyeletwa na basi la asubuhi kutoka Mtwara, au ng'onda aliyelowekwa akapungua chumvi, au kuku kama kuna sababu. Kama mikorosho imelipa, sababu itapatikana.

Onyo moja tu: kiporo cha wali kilicholala nje usiku kucha kinaweza kutia tumbo maradhi hata kikipashwa moto. Pika wali wa kumalizika. Ukoko wape watoto wakiwa bado mezani. Wataugombania bila kushawishiwa.

Jumamosi: watoto jikoni, na baba

Wazazi wengi hawawaachii watoto jiko kwa sababu wao hupika haraka zaidi. Ni kweli, kwa mwezi wa kwanza. Baadaye nyumba inakuwa na mikono sita badala ya miwili, na hayo ndiyo mapumziko pekee utakayoyapata hadi Januari.

* Miaka 5 hadi 7: kuchambua mbaazi, kupukuchua majani, kuandaa mkeka na maji ya kunawa.
* Miaka 8 hadi 10: kuosha mchele, kumenya kitunguu, kukuna nazi kwa mbuzi, mtu mzima akiwa karibu.
* Miaka 11 na kuendelea: kusonga ugali mdogo, kupika dagaa, kuchemsha ming'oko.

Ugali wa kwanza utakuwa na madonge. Kula, sifia, na omba uongezwe. Mtoto akimwona baba yake anamega ugali wa madonge kwa heshima zote na kusema "Mwanangu, leo nimeshiba", wiki ijayo ataamka kabla yako kuuliza jiko liko wapi. Akisikia kicheko, mwiko hataushika tena hadi aolewe au aoe.

Ming'oko ni mapishi mazuri ya kuanzia. Inaoshwa udongo, inachemshwa na chumvi, inaliwa kwa kuvuta ganda. Inunue kwa wachimbaji wanaoifahamu, usiwatume watoto porini peke yao; viko viazi vingine vya mwitu, ndiga vikiwamo, vyenye sumu inayotaka kulowekwa siku kadhaa kabla ya kuliwa.

Kisha baba. Katika nyumba nyingi za msimu, mama anaokota korosho sawa na baba, wanarudi kwa njia moja, halafu mmoja anakaa kwenye kiti na mwingine anainama jikoni. Baba, chagua siku moja ya wiki iwe yako, ijulikane hivyo. Jumanne inakufaa: dagaa dakika kumi na tano. Watoto wa kiume wataiga wanachokiona, wala hawahitaji hotuba.

Makosa yanayojirudia

Kupika chakula cha watoto na cha wakubwa mbalimbali. Kunaongeza moto mara mbili na kuwafundisha watoto kwamba mbaazi ni adhabu ya watu wazima. Pika kimoja, toa fungu la mtoto kabla ya pilipili.

Kutobadilisha sura ya chakula. Mtoto anayeficha mbaazi chini ya ugali, au anayempitishia kuku mlangoni, amechoshwa na sura moja ya chakula. Mpondee mbaazi ziwe laini, mpe na maandazi asubuhi, au zimwage juu ya wali. Chungu ni kile kile.

Kununua vitafunwa vya pakiti ilhali kuna mapapai, maembe na mabibo. Bibo lioshwe, likatwe, likamuliwe au liliwe siku lilipodondoka; halingoji kesho, na madoa yake hayatoki kwenye sare za shule. Mvue sare kwanza.

Kusahau mgeni. Msimu wa mnada shemeji na mjomba hufika bila simu, na hufika saa ya kula. Weka kikombe 1 cha ziada kwenye kila chungu. Asipokuja mtu, ni chakula cha anayerudi usiku.

| KAGUA KABLA YA KULALA |
|---|
| ☐ Mbaazi za kesho zimelowekwa? (Jumamosi na Jumanne usiku) |
| ☐ Chungu cha mbaazi nyeupe kimechemka tena na kufunikwa? (Jumapili usiku) |
| ☐ Unga wa muhogo, mkeka na mtu wa kuulinda vimepangwa? |
| ☐ Karanga zimechambuliwa? |
| ☐ Jiko la mkaa liko nje? |
| ☐ Ndoo ya maji ya asubuhi imejaa na ina mfuniko? |

Gunia lisilokwenda ghalani

Mpango huu wote unasimama juu ya mbaazi kuwepo nyumbani, na hapo ndipo familia nyingi hukwama. Mbaazi huvunwa kuanzia Julai. Zinauzwa zote, kupitia stakabadhi ghalani au kwa mchuuzi anayepita na mizani, na kufikia Januari mkulima yule yule ananunua mbaazi kwa kilo dukani. Bei ya kuuzia hatuipangi sisi: mwaka 2017 India ilipoweka kikomo kwa mbaazi inazonunua nje, huku kusini bei ilianguka.

Fanya hesabu ya nyumba yako. Chungu cha Jumapili kilo 1, chungu cha Jumatano kilo 1, jumla kilo 2 kwa wiki. Kwa wiki hamsini ni kilo 100, yaani gunia moja kwa familia ya watu sita kwa karibu mwaka mzima. Zikaushe hadi mbaazi ipasuke ukiing'ata, zitie kwenye mfuko usiopitisha hewa, kamua hewa yote, funga kwa kamba na usiufungue kwa miezi miwili ya mwanzo, ili wadudu walioingia nazo wafe kwa kukosa pumzi. Za kula katika miezi hiyo zitenge kando kwenye ndoo yenye mfuniko.

Mavuno yajayo, kabla hujaita bodaboda wa kubeba mzigo kwenda AMCOS, toa gunia hilo kwanza na uliingize ndani.